Betri ya Moyo na Ibaki Moyoni

Kijana alikuwa amepanga vitu vyake mezani kwa ustadi: koili mbili za waya wa shaba, moja pana kama kisahani cha kikombe, nyingine ndogo kama kifungo cha koti, taa nyekundu ya LED, na steki ya ng'ombe yenye unene wa vidole viwili, imelazwa kwenye sahani ya bati. Koili kubwa ikakaa chini, nyama katikati, ile ndogo juu. Alipobonyeza swichi taa ikawaka, na sisi tuliokuwa tumeizunguka meza tukapiga makofi. Maonyesho ya wanafunzi wa uhandisi huwa na mambo mengi yasiyowaka, kwa hiyo kinachowaka kinastahili makofi yake.

"Baada ya miaka michache," akasema, "hakuna mgonjwa atakayebeba betri mwilini. Umeme utampitia kama unavyopita kwenye hii nyama."

Nikamwomba aiinamishe koili ndogo. Taa ikafifia. Nikamwomba aisimamishe wima kabisa. Ikazima.

"Mwalimu, hivyo sivyo inavyowekwa," akaniambia, kwa heshima, ila kwa uso wa mtu aliyeharibiwa shughuli.

Ni kweli, sivyo inavyowekwa. Lakini steki ya mezani haipumui wala haigeuki usingizini. Moyo hujipinda kila unapodunda, utumbo hukibiringisha kila kilichomo, na mwenye mwili hulala ubavu anaoupenda yeye.

Sina ugomvi na kijana. Alikuwa anarudia anayoyasoma, na anayoyasoma yameandikwa na watu wenye vyeo. Wanasema betri ndiyo kikwazo cha vifaa tiba vinavyopandikizwa. Betri ni kubwa, kwa hiyo inalazimisha kisu kipasue pana. Betri hufa, kwa hiyo mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Iondoe, rusha umeme kutoka nje ya ngozi, na kifaa kitapungua mpaka kipite kwenye tundu la sindano, mgonjwa naye awe huru. Imani hii imeshakaa masikioni mwa watu kiasi kwamba anayeipinga huonekana hajui kinachoendelea duniani. Mimi naipinga, na kazi yangu ni kutengeneza vifaa hivyo vinapoharibika. Kwa vifaa vidogo, vile vinavyoingia mwilini kwa tundu dogo, betri iliyofungwa humo ndani ndiyo sehemu yenye heshima kuliko zote. Kumtolea mgonjwa betri na kumkabidhi chaja ni kumtwisha yeye kazi ambayo kifaa kilikuwa kinaifanya kimyakimya.

Waswahili wanalijua hili bila kufundishwa. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kina majina yake ya vitabuni, lakini mitaani husemwa mtu "amewekewa betri", basi. Wameuona uhai wa kitu ulipo.

Wahubiri wa umeme wa kupita hewani huuzungumzia kama jambo la kesho, na hapo ndipo ninapoanza kuwatilia shaka, maana ni jambo la tangu siku ya kwanza. Tarehe 8 Oktoba 1958, karibu na Stockholm, daktari Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson, mtu wa miaka 43, kifaa cha kwanza cha mapigo ya moyo kukaa chote ndani ya mwili. Mhandisi Rune Elmqvist alikuwa amemimina epoksi ndani ya kopo la rangi ya viatu la Kiwi, hili hili tunalolijua sote, kikatoka kitu cha duara mfano wa kopo lenyewe. Ndani yake mlikuwa na transista mbili na betri ndogo za nikeli na kadimi. Na betri hizo zilichajiwaje? Kwa koili iliyowekwa juu ya ngozi. Bila waya! Kifaa hicho kilikufa baada ya saa chache, akawekewa cha pili. Larsson aliishi hadi 2001, akafariki akiwa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Basi kwa nini njia ya koili iliachwa? Haikuachwa kwa kutojaribiwa. Katika miaka ya 1960 vifaa vingi vilitumia betri za zebaki, ambazo zilidumu takriban miaka miwili na tena zilitoa gesi ya haidrojeni, hivyo kifaa hakikuweza kuzibwa kabisa kisipitishe unyevu. Ilikuwa shida ya kweli, na mgonjwa alipasuliwa mara kwa mara. Mwaka 1973 ikatoka dawa yake kutoka Marekani: kifaa kilichobuniwa na timu ya Robert Fischell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, chenye betri inayochajiwa kupitia ngozi. Mgonjwa alitakiwa kukaa na chaja kifuani kwa takriban saa moja kila wiki. Kwa hesabu za kihandisi, kilikuwa kifaa kizuri sana.

Lakini mwaka mmoja kabla yake, betri ya lithiamu na madini ya joto, aliyoipigania Wilson Greatbatch, ilikuwa imeshaingia kifuani mwa binadamu. Haikutoa gesi, kwa hiyo chombo kilizibwa kwa chuma pande zote. Ilidumu miaka mingi, na ilipokaribia mwisho ilishuka polepole, ikimpa daktari muda wa kupanga. Haikumdai mgonjwa chochote, si saa moja kwa wiki, si dakika moja kwa mwaka. Mashindano yakaisha. Ile ya kuchajiwa ikapotea sokoni, na leo hata wanaolichukia neno betri wengi hawajui kwamba iliwahi kuwapo. Mtu mwenye moyo mgonjwa hakutaka kukumbushwa kila Jumamosi kwamba asipochaji atakufa.

Na hapa kuna jambo ambalo hesabu za akina kijana wangu huliruka. Kifaa cha mapigo ya moyo cha leo hutumia umeme wa takriban mikrowati 10, vingine pungufu ya hapo. Chaja ndogo ya simu hutoa wati 5, yaani mara 500,000 ya kiasi hicho. Kilichorefusha umri wa betri ya moyo si kemia peke yake. Ni saketi zilizojifunza kula kidogo. Mlaji wa punje hahitaji bomba la kumiminia nafaka, na bomba hili lina gharama zake. Ukishavuka umbali unaolingana na upana wa koili, kila unapouongeza umbali mara mbili, uga wa sumaku hubaki sehemu moja kati ya nane. Ukiongeza nguvu ili kufidia, unaipasha nyama ya mgonjwa joto, na kuna mipaka: Marekani, kwa mfano, hairuhusu simu na vifaa vinavyokaa karibu na mwili kuachia zaidi ya wati 1.6 kwa kila kilo ya nyama. Sehemu kubwa ya umeme unaorushwa hailiwi na kifaa, inaliwa na mwili.

"Lakini ukubwa!" wataniambia. Haya, tuuzungumze ukubwa, maana ndio mhimili wa hoja yao.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha Micra, kifaa cha mapigo ya moyo kisicho na nyaya kinachopandishwa kwa mrija kupitia mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo. Urefu wake ni milimita 26 na uzito wake ni kama gramu 2. Hakuna kifua kupasuliwa. Na betri imo ndani, imechukua sehemu kubwa ya mwili wake, ikikadiriwa na watengenezaji kudumu takriban miaka 12. Kidonge chenye kamera, kile anachomeza mgonjwa ili utumbo wake upigwe picha, kiliidhinishwa huko huko mwaka 2001: milimita 26 kwa 11, betri mbili za vifungo kama za saa, picha kwa saa nane hivi. Watu wamejaribu kukitoa betri na kukilisha kwa koili zinazouzunguka mwili wa mgonjwa. Tatizo lao ni lile la steki. Kidonge hubiringika, kwa hiyo inabidi kuweka ndani yake koili zinazoelekea pande tatu, na nafasi iliyookolewa kwa kuondoa betri inaliwa na koili.

Kwa haki niseme pia kilichoharibika. Oktoba 2016 mshindani wa Micra, Nanostim, alisimamishwa kupandikizwa kwa sababu betri zilikuwa zinazima kabla ya wakati. Mgonjwa mwenye betri iliyozima ndani ya moyo ni jambo la kutisha, na nisingependa kulipamba. Ila tazama jibu lilikuwa nini. Hawakukimbilia antena. Walitengeneza betri bora zaidi, na kizazi kilichofuata, Aveir, kiliidhinishwa mwaka 2022.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka kambi ya upande wa pili. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, walionyesha kifaa cha muda cha mapigo ya moyo kinachoyeyuka mwilini baada ya kazi kwisha. Hakikuwa na betri. Kilipokea umeme kwa antena, kwa njia inayofanana na ile ya kadi za benki za kugusisha. Dunia ikashangilia. Walipotaka kukipunguza zaidi ili kiingie kwa sindano na kimfae mtoto mchanga, waligundua kwamba kinachowazuia ni antena yenyewe. Wakaitupa. Toleo la Aprili 2025 lina milimita 3.5 kwa 1.8, dogo kuliko punje ya mchele, na chanzo chake cha umeme ni metali mbili tofauti zinazozalisha umeme zikilowa majimaji ya mwili. Kitu cha namna hiyo jina lake ni betri. Wenyewe walieleza bila kuficha kwamba ukubwa wa antena ndio uliowabana, lakini magazeti mengi yaliandika tu habari ya "kifaa kidogo kuliko vyote duniani", na imani yetu ikaendelea kuishi bila kuguswa.

Nisipoitaja Stimwave nitakuwa nimeruka kichekesho. Kampuni hiyo ya Marekani iliuza kifaa cha kutuliza maumivu ya neva kisicho na betri ndani. Umeme ulitoka kwenye kifaa cha kuvaliwa nje. Ili kuudaka, mwilini kiliwekwa kipokezi chenye urefu wa sentimita 23. Sentimita 23! Waliondoa betri ya ukubwa wa kiberiti wakaingiza kitu kirefu kuliko kalamu ya risasi mpya. Madaktari walipolalamika kwamba hakienei, kampuni ikawapa kipande mbadala cha plastiki tupu kisichofanya kazi yoyote, kipachikwe mwilini ili malipo ya bima yasipungue, na seti nzima ikaendelea kuuzwa kwa takriban dola 16,000. Mwanzilishi wake alitiwa hatiani New York mwaka 2024, akafungwa miaka sita. Wizi ni wizi, siulaumu umeme kwa wizi wa mtu. Lakini urefu wa kile kipokezi haukuwa wizi. Ulikuwa fizikia.

Hata mafanikio makubwa ya karibuni yanafaa kutazamwa kwa macho mawili. Aprili 2025 Marekani iliidhinisha mfumo wa WiSE: elektrodi ya ukubwa wa punje hukaa ndani ya chumba cha kushoto cha moyo na kupokea mawimbi ya altrasaundi yanayogeuzwa kuwa umeme. Kazi nzuri, nawavulia kofia. Mahali pale nyaya hazifiki kirahisi. Lakini mawimbi hayo yanatoka wapi? Kutoka kwa kirushio kilichopandikizwa katikati ya mbavu, kinacholishwa na betri iliyopandikizwa ubavuni. Betri haikuondoka, imehama chumba.

Wasomaji wa kwetu wanasubiri sasa nitaje kukatika kwa umeme. Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Nasi huku Tanzania tuna visa vyetu na umeme wa LUKU unaoisha saa nne usiku. Sitaijenga hoja hapo. Ni hoja dhaifu, pawabenki moja inaivunja, na nimechoka kuona kila mjadala wa teknolojia kwetu ukiishia kwenye transfoma iliyoungua. Mtu wa Geneva mwenye umeme saa 24 yuko kwenye mtego ule ule. Mtego wenyewe ni kitu kinachokaa nje.

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka mitano. Mtoto huyo ana kipandikizi cha usikivu, aina ya vifaa ambavyo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuvipandikiza mwaka 2017, na kwa familia nyingi ni muujiza. Kipandikizi hakina betri. Umeme na sauti huingia kwa koili iliyoshikwa na sumaku nyuma ya sikio, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 200. Nilikitazama kifaa cha nje: betri nzima, taa inamulika rangi ya kosa. Nikaipinda kebo taratibu kwa kidole gumba, kuanzia kwenye sikio kwenda juu. Pale inapoingia kwenye koili, mahali ambapo watoto huishika wakiivua, nyaya zilikuwa zimekatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halikuwa hata na mkwaruzo.

"Fundi, hiyo ya ndani ya kichwa ni nzima?" mama akauliza.

"Nzima, mama."

"Sasa mbona hasikii?"

Mtoto alikuwa anagongagonga meza yangu kwa bisibisi, anatazama ncha yake, hana habari na kelele anayopiga. Kebo ilitakiwa kuagizwa nje ya nchi. Ilichukua wiki tano. Kwa wiki tano mtaalamu wa thamani ya mamilioni alikaa ndani ya fuvu la mtoto, mzima wa afya, hana la kufanya.

Sidai vipandikizi vya usikivu viwekewe betri ndani. Sauti yenyewe inatoka nje, maikrofoni lazima iwe nje, basi na umeme uje pamoja nayo. Ninachodai ni kwamba kadhia hii ihesabiwe kama gharama kila anapotokea mtu kupendekeza moyo, kibofu au uti wa mgongo navyo viwekwe katika hali hiyo. Na kebo ni afadhali, kebo huagizwa. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa Argus II, kipandikizi cha retina cha kampuni ya Second Sight ya California, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Nacho hakikuwa na betri. Miwani maalumu ndiyo iliyokirushia umeme na picha. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, mwaka uliofuata ikapunguza karibu wafanyakazi wote, na wenye macho hayo wakabaki kutafutiana miwani na vipuri wao kwa wao. Kipandikizi chenye betri yake hakijui kama kiwanda kilichokizaa kimefungwa. Huendelea kupiga kazi mpaka chakula chake kiishe.

Mtu asiyachanganye mambo mawili. Kifaa kuzungumza na daktari bila waya, kutoa taarifa za mapigo na kiasi cha betri kilichobaki, ni baraka, na hakuna anayeipinga. Taarifa ikikosekana kwa wiki moja, daktari husubiri. Umeme ukikosekana, moyo hausubiri.

Kuna mahali ninakubali kushindwa kabisa. Pampu inayousaidia moyo uliochoka hutaka wati kadhaa muda wote. Hakuna betri ya kumezwa na mwili itakayotoa hizo kwa miaka, kwa hiyo tumbo hutobolewa ili waya upite, na tundu hilo ni mlango wa maambukizi usiofungwa. Hapo kurusha umeme kupitia ngozi ni lengo la haki. Moyo bandia wa AbioCor ulilishwa hivyo Louisville mwaka 2001, na Desemba 2018 wagonjwa wawili mjini Astana walipewa pampu zisizo na waya wa kutokeza. Vichocheo vya ubongo na uti wa mgongo vinavyokula umeme mwingi navyo, kwa mgonjwa anayeweza na anayetaka, ni afadhali vichajiwe kuliko kupasuliwa kila baada ya miaka michache. Anayetaka. Neno hilo mara nyingi hupotea njiani kati ya maabara na wodi, na mzee anayetetemeka mikono huambiwa alenge koili mgongoni kwake mwenyewe.

Ila hizo ni mashine za wati na miliwati. Kuzitumia kutetea kuondoa betri kwenye kifaa cha mikrowati ni kama kununua lori la kubebea kiberiti.

Na kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kongamanoni. Mradi wa My Heart Your Heart wa Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya vifaa vya mapigo ya moyo vilivyotolewa kwa marehemu, kwa ridhaa ya familia, hupima betri, husafisha na kuviua vijidudu. Vyenye miaka ya kutosha iliyobaki hupelekwa kwa wagonjwa wasio na uwezo wa kununua kipya. Majaribio yalifanyika katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa takriban 300, na matokeo yaliyotangazwa Novemba 2024 yalionyesha vilifanya kazi sawa na vipya. Fikiria kitu kilichozikwa kifuani mwa mtu wa Detroit, kikavuka bahari na chakula chake mwenyewe tumboni, kikaanza kazi upya. Kifaa kinachongoja umeme wa nje kingefika bila chaja yake, bila programu ya chaja hiyo, na bila mtu wa kuipigia simu.

Nilimweleza kijana sehemu ya haya pale pale, watu walipopungua. Alinisikiliza, nampa sifa zake.

"Sasa mwalimu, hizi koili nizifanyie nini?"

Nikamwambia aziweke, atazihitaji siku atakayotengeneza pampu. Kwa sasa achukue ile taa yake, atafute namna ya kuiwasha kwa sehemu moja ya elfu ya umeme anaotumia. Akaandika kitu kwenye daftari, akazikunja nyaya zake moja moja. Ilipofika jioni nilipita tena: meza tupu, na nyuma ya banda wenzake wamewasha mkaa, steki imekatwa vipande, chumvi na ndimu vimeshaandaliwa.

"Karibu mwalimu," akaniita, akinisogezea kigoda.